Hadithi ya Ukurasa Mwingine

Juzi, katika chuo ninachofundisha hapa Bukoba, nilikuwa namsomea mwanafunzi maswali ya mtihani kwa sauti, kwa sababu herufi humvuruga machoni. Mwalimu mwenzangu akachungulia mlangoni. "Dada, huko si kumbeba?"

Papo hapo nikasikia harufu ya buni.

Alasiri moja ya utotoni, nyumbani Muleba, buni za kahawa zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka uani, na Tata, baba yangu, alikuwa akizigeuza kwa reki. Zilichakarika kama mvua ya mbali. Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuja kunipima kusoma. Nilishika kitabu nikatiririsha hadithi nzima, maana dada yangu alinisomea kila jioni. Niliamini kusoma ndiko huko, kusikia na kukumbuka. Herufi zilitambaa kama sisimizi, nami nilidhani zinatambaa kwa kila mtu.

"Hadithi hiyo haipo ukurasa huo," mwalimu alisema. "Mzee, huyu anatudanganya. Abaki nyumbani ageuze buni."

Tata akaweka reki chini. "Hadithi nzima imo kichwani mwake. Wewe mwalimu unayo? Kesho atakuja shule, na keshokutwa pia."

Nilikwenda. Hadi leo nasoma polepole, kidole kikifuata mstari.

Nikamwonyesha kiti mwalimu mwenzangu pale mlangoni. "Kaa hapo, usikie anavyojibu." Kisha nikaweka kidole kwenye swali la tatu, nikasoma.