Kumi kwa Kumi

Wenzake walimwita Mama Faili, na jina likamkaa. Miaka kumi na tisa ya uuguzi katika makao ya wazee, hakuwahi kuacha kisanduku kitupu kwenye fomu. Kila baada ya miezi mitatu alivuta stuli, akaketi na mzee mmoja mmoja uso kwa uso: leo siku gani, mwaka gani? Kisha alimtajia maneno matatu ayashike, ndoo, ufunguo, shati, na baada ya dakika tano mzee ayarudishe. Jumla maksi kumi. Aliyeanguka mtihani huo aliandikiwa ugonjwa wa kusahau, akahamishiwa wodi ya nyuma.

Wodi ya nyuma ilikuwa na komeo kwa nje na dirisha moja lililotazama ukuta. Mama Faili aliichukia hasa.

Ndiyo maana aliuficha usahaulifu wa Fundi Saa. Mzee huyo alikuwa ametengeneza saa za watu maisha yake yote, na ulimi wake haukuwa umeota kutu. Akiulizwa siku, anacheka.

"Mwanangu, mimi niliyewapa saa watu wa mji mzima, leo unanidai tarehe?"

Mama Faili huangua kicheko, huku kalamu ikimjazia jibu. Kwenye maneno matatu alimtikisia funguo zake, akajivuta ukosi wa shati, akaisukuma ndoo ya usafi kwa mguu. Mzee anadakia yote, tena kwa mbwembwe. Kumi kwa kumi, mara tano mfululizo. Mama Faili akajiona kamwokoa mtu. Wema mwingine, jamani, Mungu atuepushe nao!

Akaenda likizo ya wiki mbili. Huku nyuma Fundi Saa akaanza kuvitema vidonge vyake vya moyo. Alimwambia muuguzi mgeni kwamba yeye haumwi, na kwamba ana haraka, mkewe anamsubiri dukani. Muuguzi yule angejuaje kwamba mke alizikwa miaka minane iliyopita? Akafungua faili, kama alivyofundishwa. Mgonjwa wa kusahau akikataa dawa, wauguzi wawili hukaa naye wakambembeleza, na daktari huitwa. Mwenye akili timamu akikataa, ni haki yake. Akaandika: "Amekataa kwa hiari yake." Aliandika hivyo siku kumi na moja.

Mama Faili aliporudi alimkuta mzee miguu imevimba na pumzi inakwaruza. Alikimbia kwa daktari hata viatu vikamtoka.

"Daktari, yule mzee anasahau. Huu mwaka wa pili."

Daktari akafunua kurasa. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Mwezi uliopita umempa kumi. Leo unaniambia hajui mwaka?"

"Nilikuwa namsaidia kujibu."

Daktari alichukua sindano, wakaenda wote wawili kitandani, lakini maji yalikwishazidi unga. Kesho yake asubuhi Fundi Saa alifariki. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema kitamfanyaje aliyeyaficha ya mwenziwe.

Binti wa Fundi Saa, mtoto wake wa pekee, alikuja kuchukua vitu: mashati mawili, redio, na kijisanduku cha bisibisi ndogo. Akaomba faili. Alilisoma akiwa amesimama.

"Kumbe baba alikataa dawa mwenyewe."

"Hapana, mdogo wangu." Mama Faili alimsogelea. "Baba yako alikuwa anasahau. Maksi zile nilimpa mimi, asihamishwe. Hakujua anachokataa. Aliamini mama yako anamsubiri dukani."

Binti alilia, akamshika mkono Mama Faili.

"Basi alitaka kumfuata mama."

"Sivyo! Nisikilize. Kosa ni langu."

"Ahsante, dada. Una moyo mzuri, unajibebesha ili unifariji." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakuja mara moja kwa mwezi, tena mbiombio. Alichoka kunisubiri."

"Alikuwa mgonjwa, nakuapia!"

Binti aliligeuza faili, akamwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa akili timamu, kumi kwa kumi.

"Si umeandika mwenyewe, dada?"