Pointi Kumi na Moja

Juzi nilimkuta binti yangu amezama katika riwaya ya wasichana wanaogombania nafasi kwenye shule ya baleti. Papo hapo nikasikia harufu ya polishi ya sakafu katika ukumbi wetu wa mtaa wa Jericho, imechanganyika na ya omena, dagaa wa kukaanga kutoka sokoni.

Alasiri moja utotoni mwangu, mwalimu wetu wa baleti alikuwa anachagua msichana mmoja wa kwenda kusomea baleti mjini. Mimi nilicheza nikiwa na soksi tu, Njeri wa Donholm, mtaa wa wenye nafasi, alikuwa na viatu vyenyewe vya baleti. Mwalimu alipita akipaza sauti, "Pointi, Atieno! Pointi!" Kila aliposema hivyo nilijiongezea alama moja. Nilifika kumi na moja. Njeri alipata mbili tu.

Akachaguliwa Njeri.

"Mwalimu, hiyo si haki!" nikasema. "Mimi nina pointi kumi na moja!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Pointi ni kunyoosha vidole vya miguu, wewe!" Njeri akanicheka.

Sikutoka. Nilisimama palepale, kidole gumba cha mguu kikichungulia soksini, mpaka mwenye ufunguo akaja kufunga.

Leo najua kila pointi ilikuwa kosa la miguu yangu. Lakini nilizipata kwa jasho langu, na sirudishi hata moja.