Mtaro Unaodaiwa Mkavu

Aryemo, aliyekulia kambini kama binti wa mwanajeshi, anaishi peke yake mtaani Kansanga na kuandika programu za kompyuta. Mojawapo hupokea vipimo vya maji ya mtaro mmoja huko Kawempe, upande wa pili wa jiji, na kuwatumia majirani onyo mtaro unapokaribia kufurika. Lakini mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha, programu ilidai mtaro ni mkavu. Hapo Julienne, Mkongo anayeishi na kuuza maandazi kando ya mtaro, alimpigia simu.

"Dada Aryemo, mashini yako inasema nini leo?"

"Inasema hakuna maji."

"Ikuje ione ndala zangu, ziko naogelea!"

Walicheka, wakaongea habari za watoto mpaka salio likaisha. Siku zingine zote hakuna mtu aliyempigia Aryemo.

Hatimaye aliligundua kosa. Safu ya vipimo aliihifadhi katika aina ndogo kabisa ya namba, isiyoweza kupita 127. Maji yakizidi sentimita hizo, hesabu iliruka chini ya sifuri. Dawa ilikuwa kuchagua aina kubwa zaidi, neno moja tu. Kidole chake kilisita: kosa likiisha, Julienne hangekuwa na la kumpigia. Lakini watoto wa Julienne hulala sakafuni. Akahifadhi.

Mvua iliyofuata ilinyesha mchana. Onyo lilikwenda mapema, na bila shaka Julienne aliinua magodoro. Aryemo aliiweka simu mezani, sauti juu kabisa, mpaka mvua ikakatika. Kisha akatafuta sababu ya kupiga yeye, asiipate.