Mama Mkwe Alitaka Kuona Picha

Fundi huyu wa kushona sare za shule ameolewa na mchomeleaji wa mageti, mwanamume asiyeogopa moto wala cheche lakini anayemwogopa mama yake mzazi kuliko umeme. Mimba yao ilipofika wiki nane, daktari alisema kilichomo hakina mapigo ya moyo. Alimpa fundi vidonge vya kukitoa, akamwandikia kadi ya kurudi baada ya wiki mbili kupigwa ultrasaundi, ionekane kama kizazi kimesafika au kuna mabaki ya kutolewa. Mume alimshika mkono pale pale.

"Habari ya mama niachie mimi," alisema. "Nitamwambia mwenyewe, polepole."

Polepole hiyo ikazidi polepole. Mama mkwe analala chumba cha pili, wanatenganishwa na ukuta mmoja tu, na siku ya vidonge fundi aliuma kona ya mto ili asisikike. Asubuhi yake aliambiwa na mama mkwe kuwa mimba changa huchosha, akanyang'anywa ndoo ya maji, akaletewa uji. Aliunywa na kushukuru. Alipomkumbusha mumewe, akaambiwa leo presha ya mama imepanda, ngoja kesho. Kesho presha ilikuwa imeshuka, lakini mama alikuwa na furaha mno, ingekuwa dhambi kumharibia siku. Mtu akikosa ujasiri hakosi sababu.

Mama mkwe aliiona kadi juu ya cherehani, akasoma tarehe. Siku ilipowadia walimkuta mlangoni amevaa viatu vya kutokea, anakwenda kumwona mjukuu wake. Fundi akamtazama mumewe. Mume akatazama funguo.

Hospitalini benchi lilikuwa moja kwa wote, wenye mimba na waliopoteza, kila mmoja na chupa yake ya maji, wamebana mkojo ili picha itoke vizuri. Sijui nani aliona hiyo ni busara. Mama mkwe alipiga soga na mjamzito wa pembeni, akamsifia mkwe wake kwamba hata kichefuchefu hakimsumbui tena. Fundi alikuwa katikati yao, anahesabu vigae vya sakafu.

Zamu yake ilipofika, mpimaji alitokeza kichwa akasema msindikizaji ni mmoja tu. Hapo mwanamume aliletewa nafasi mpaka miguuni: angesimama yeye, aibu hii ingeahirishwa walau mpaka nyumbani. Lakini mama yake alikuwa ameshanyanyuka. Mume akapokea mikoba ya wanawake wawili, akaipakata.

Mpimaji alikuwa dada mpole, aliyechoka. Alipaka jeli ya baridi, akazungusha kifaa juu ya tumbo, akatazama skrini kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeleta heri, "Pako safi, dada. Hakuna kilichobaki."

Mama mkwe alikuwa ameshavaa miwani na kusogea. Akauliza mtoto ni yupi hapo.

Mpimaji alimtazama mgonjwa wake, akaelewa, akajitia kutafuta karatasi ya kufutia. Fundi alibaki amelala chali, tumbo wazi, kibofu kinamwuma. Kazi ya mumewe ikamwangukia yeye.

"Mama, hayupo," alisema. "Mimba iliharibika wiki mbili zilizopita. Mwanao alisema atakwambia."

Aliona nafuu, akaionea haya nafuu yenyewe. Alisubiri lawama, kwamba alibeba mizigo, kwamba alikaa mno kwenye cherehani. Lawama hazikuja. Mama mkwe aliketi taratibu kwenye kiti cha msindikizaji.

"Lakini jana jioni nilimwuliza mumeo mtoto mtamwitaje," akasema. "Akanitajia jina, mwanangu. Akasema mmelichagua pamoja."

Fundi alijipangusa jeli kwa karatasi nyepesi iliyokuwa ikichanika vidoleni. Katika nyumba yao hakujawahi kutajwa jina lolote. Mimba ilipokuwepo, kila alipoanzisha maneno hayo, mumewe alisema ni mapema mno.

"Jina gani, mama?"

Mama mkwe akamtajia. Lilikuwa jina zuri, na fundi akalia mbele ya watu kilio alichokuwa amekizuia wiki mbili nzima kwa ajili ya amani ya nyumba.