Plagi Niliyoichonga kwa Kisu

Ningeweza kukataa. Mwenye duka aliniwekea kadi ya picha mezani akauliza kama ingeingia kwenye kompyuta yetu kabla ya Jumamosi. Jibu la kweli lilikuwa hapana, nami nililijua. Soketi ya umeme kwenye kadi ilikuwa imekatwa kona upande mmoja, na plagi iliyotoka kwenye pawa, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta yetu, ilikuwa na kona kamili pande zote. Zilitengenezwa zisiingiliane.

"Itaingia," nikasema.

Nilichukua kisu kidogo tulichomenyea machungwa dukani, nikachonga kona za plagi mpaka ikakubali.

Hiyo ilikuwa Kisii mjini, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne zamani, nikajifunza redio kwa fundi mmoja Mosocho, kisha nikapata benchi katika duka la Mhindi aliyeuza nyaya, balbu na televisheni. Watu walimwita Mhindi, lakini alizaliwa pale pale mjini na alibishana bei na wakulima wa Birongo kwa Ekegusii safi kuliko ya watoto wangu. Alikuwa ameanza biashara ya video za harusi na mazishi. Kompyuta ndiyo iliyotia majina, maua na muziki kwenye picha.

Aliyeiendesha alikuwa dada yangu mdogo. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu kwao Nyamira, naye alipanga chumba kimoja mjini. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hiyo. Alikuwa amesomea upigaji chapa, na alipoandika hakutazama vidole hata kidogo. Alitazama mlangoni akasalimia wateja huku maneno yakijipanga kwenye kioo. Vidole hivyo ndivyo vilivyolisha nyumba yake.

Kadi yenyewe ndiyo inayochora kile unachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Za kawaida zilipata umeme mahali zilipochomekwa, basi. Hii ilikuwa ya mtumba, ilitoka Nairobi kwenye mashine ya wachora ramani, kubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani, na ilitaka umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana ilikuwa na soketi yake pembeni. Sikuwahi kuona nyingine kama hiyo.

Pawa inayofaa ingefika kwa basi Jumatatu. Mwenye duka alikuwa ameahidi kanda ya harusi ya Keumbu Jumamosi. Nami nilikuwa na sifa ya kutoshindwa, na sifa hiyo niliipenda kupita kiasi.

Sikufanya kazi kiholela, au ndivyo nilivyojiambia. Nilipima kila waya kwa mita nisije nikapeleka umeme mahali pasipo pake. Waya wa pawa ulikuwa mfupi, nikauongeza kwa waya wa spika ya redio, nikasokota viungo na kuvifunga kwa utepe mweusi. Plagi haikuzama yote. Ilibaki nafasi ndogo, unene wa ukucha. Niliitikisa, haikutoka. Nikasema imekaa.

Kompyuta ilipowaka na picha za harusi zikapita bila kukwama, mwenye duka alipiga makofi.

"Fundi, wewe mchawi!"

"Mchawi gani huyu," dada yangu akasema, "shati limekosa vifungo viwili na hajaweza kuviroga virudi."

Tulicheka. Kanda ya Keumbu ikatoka siku yake.

Baada ya majuma machache picha ilianza kukatika. Kioo kilijaa mistari, kisha kikawa cheusi. Nilitoa kifuniko cha kompyuta, nikabonyeza ile plagi kwa vidole viwili, picha ikarudi. Kwa fundi wa redio hilo halikuwa jambo la kushangaza. Redio zetu zote zilikuwa na mahali pa kugonga na mahali pa kubonyeza, na mwenye redio alifundishwa mahali hapo siku ya kuichukua. Basi niliacha kifuniko wazi, nikamfundisha na dada yangu.

"Ikizima, bonyeza hapa. Usiniite kila saa."

"Na nikipigwa na stima?"

"Stima gani? Hizi ni volti kumi na mbili. Betri ya gari tu."

"Shika wewe kwanza nione."

Nililamba vidole, nikashika nyaya zenyewe mahali utepe ulipoachia, mbele ya macho yake. Sikusikia kitu. "Umeona?" nikamwambia. "Hii haiwezi kumdhuru hata panya."

Aliniamini. Nilikuwa kaka yake na nilikuwa fundi. Tangu siku hiyo alibonyeza mwenyewe.

Siku moja aliniambia, "Kaka, hii kitu inanuka kama kikombe cha plastiki kilichoangukia motoni."

"Ni vumbi linaungua."

"Vumbi la wapi linanuka hivyo?"

Niliinama nikatazama. Plagi ilikuwa nyeupe nilipoichonga. Sasa upande mmoja ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nataka niandike jambo hili bila kulipamba: niliona. Nilizikunja nyaya kidogo ili upande ulioiva uelekee ndani, asiuone, asinisumbue. Kisha nikarudi kwenye televisheni niliyokuwa naitengeneza.

Juma lililofuata, mchana, mvua ilikuwa inapiga bati hata ukiongea ulipaza sauti. Baba na mama mmoja walikuwa wameketi wakisubiri kanda ya mazishi ya mzee wao. Picha ikakatika. Nilimwona dada yangu akinyoosha mkono wa kulia ndani ya kompyuta, bila kutazama, kama alivyoandika.

Sikuitambua sauti iliyotoka. Nilidhani ni mtu wa nje aliyegongwa na gari.

Plastiki ilikuwa imelainika kama ugali kabla haujashika. Vidole vyake vilizama mpaka kwenye vyuma vya ndani, na vyuma vilikuwa moto kama vya pasi ya makaa. Alipovuta mkono, plagi ilikuja nao, imemganda kidole gumba na kidole cha shahada, ikivutika nyuzi nyuzi. Nilisimama. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuiweka chini. Aliyekimbia kuzima umeme ukutani ni mwenye duka, mzee kuliko mimi. Aliyemkokota dada yangu mpaka kwenye maji ya paa ni yule mama aliyekuwa akisubiri kanda.

Nakumbuka nikijisemea, volti kumi na mbili. Volti kumi na mbili tu. Kama mtu aliyeambiwa kwamba kuku amemdonoa mtu akamvunja mguu.

Walipompeleka hospitalini nilibaki na plagi juu ya benchi. Ndani yake pini moja ilikuwa nyeusi, nyingine ziling'aa kama mpya. Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi mafundi wa redio tuliogopa volti kwa sababu volti hukurusha. Hakuna aliyetufundisha kuogopa mguso mlegevu. Kadi ile ilivuta umeme mwingi, na pini isiyozama iligusa mwenzake kwenye kinukta kimoja tu. Umeme wote ulijibana pale, pakapata moto. Moto ukalegeza chuma, na chuma kilipolegea moto ukazidi. Kila tulipobonyeza tulipunguza hasira ya moto huo kwa muda, tukaupa nafasi ya kuanza tena. Na zile kona nilizozichonga, kuna mtu mahali fulani alikaa akazifikiria, akaziweka pale ili mtu kama mimi ashindwe.

Jioni mwenye duka alishika plagi akaigeuza.

"Fundi, nani alikata hii?"

Dada yangu alikuwa amerudi kuchukua kikapu chake, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo.

"Ilikuja hivyo," nikasema.

"Na yeye aliweka mkono ndani kufanya nini? Nani huweka mkono ndani ya mashine iliyo wazi?"

Nilianza kupanga bisibisi zangu kwenye benchi. Dada yangu alinitazama, akangoja. Kisha akachukua kikapu kwa mkono wa kushoto akatoka kwenye mvua.

Nilikaa na uongo huo juma zima na zaidi kabla ya kumweleza mwenye duka ukweli. Tayari alikuwa ameajiri mpiga chapa mwingine, kwa kuamini kwamba wa kwanza alikuwa mzembe. Hakunifokea. Alivua miwani, akaifuta.

"Ungeniambia hapana," akasema, "ningengoja Jumatatu. Watu wa harusi wangelalamika kidogo, basi."

Nilikwenda Nyamira kumweleza dada yangu kwamba nimesema ukweli. Alikuwa uani anachambua mboga kwa mkono mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nilikuwa nimesimama pale, kaka," akasema. "Ungesema siku ile."

Hakunikaribisha ndani.

Vidole viwili vilipona vikiwa vimekakamaa, havikunjiki, havihisi. Hakupiga chapa tena. Alichuma majani ya chai kwa mkono wa kushoto, polepole kuliko wenzake, na mtoto wake wa kwanza aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amsaidie. Tukikutana kwenye mazishi ya ukoo ananisalimia kama anavyosalimia mgeni, kisha anakwenda kuketi upande mwingine. Hajala nyumbani kwangu tangu wakati huo. Neno moja nililolisema ili nisionekane nimeshindwa lilichukua mkono wa dada yangu, likachukua masomo ya mwanawe, na mimi likaninyang'anya dada.