Nilivyomsemea Bibi

Bibi yangu ana mablanketi kumi na moja. Nimeyahesabu siku alipoyaanika: kwenye kamba, kwenye ua, mpaka juu ya paa la banda la mbuzi, jirani akapita akauliza kama tumefungua bweni. Bibi ana watoto watatu, wote watu wazima. Kila Krismasi wanarudi kijijini Kamachumu, na kila mmoja njiani anafikiri sana, anaumiza kichwa peke yake, mwisho anafikia wazo la blanketi.

Ndiyo maana mwaka jana Shangazi, anayekaa Dar, aliandika kwenye grupu la familia: "Jamani, safari hii tumuulize mama anataka nini." Baba yangu, anayefanya kazi Mwanza, akaunga mkono. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu shule ikifungwa ninakaa kwa Bibi, na kwa sababu ninayo simu ya kioo, ingawa kioo chenyewe kimepasuka kama njia za siafu. Bibi ana kitochi cha vitufe. Hajui hata kama kuna grupu. Anadhani wanawe wakiagana siku ya Krismasi hawasemeshani tena mpaka Krismasi nyingine.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Bibi, wanao wanauliza unataka nini Krismasi."

"Waambie sitaki kitu."

"Ukisema hivyo wataleta blanketi."

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akakiokota, akamenya ndizi mbili, nikajua sasa linakuja lenyewe. "Waambie nataka nyasi zangu zikanyagwe. Basi."

Nyasi ni hivi: wazee wa kwetu wakikaribia sikukuu wanatandaza nyasi mbichi ndani, sebuleni, chini kabisa. Bibi ana sakafu ya saruji inayong'aa, lakini nyasi anatandaza vilevile. Na Krismasi iliyotangulia kulikuwa na kona ambayo nyasi zake zilibaki zimesimama mpaka zikakauka, kwa sababu anayekaa kona ile hakuja. Ni Baba Mdogo, kitindamimba wake.

"Hasa yule wa mwisho," Bibi akasema. "Mwambie aje kama alivyo."

Ningeandika maneno hayo tu kwenye grupu, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mimi ni mchekeshaji. Sisemi kwa majivuno, nasema kama mtu anavyotaja ugonjwa wake. Shuleni Bukoba naigiza sauti ya mwalimu wa zamu, naigiza mchungaji anaposoma matangazo ya harusi, nalipwa maandazi. Lakini ninayemweza kuliko wote ni Bibi. Nikianza kukohoa kile kikohozi chake cha kutafuta heshima, hata mbuzi wanageuka.

Sasa Baba Mdogo. Wote nyumbani waliamini yuko visiwani Muleba, ananunua dagaa. Zamani alikuwa akija Krismasi na gari la kukodi, limejaa kreti za soda, anateremka kwa mguu mmoja kwanza ili watu wakione kiatu. Mimi tu ndiye niliyejua mambo yameharibika. Jumamosi moja ya Septemba tulipewa ruhusa ya kutoka shule, nikapita stendi ya Bukoba, nikasikia mtu anaita: "Muleba, Kamachumu, Muleba! Siti mbili za mwisho!" Gari lenyewe lilikuwa tupu, hata dereva hayumo. Nikaanza kucheka kabla sijamwona ni nani.

Alikuwa Baba Mdogo. Amekonda, shati limepauka mabegani, sauti imekwaruza.

Aliniona. Hakukimbia. Alinivuta nyuma ya kibanda, akaninunulia chapati na soda, akaniangalia nikila. "Tata," akasema. Ananiita hivyo, baba, kwa sababu nimebeba jina la babu. "Injini ya mtumbwi iliibiwa kisiwani, na baada ya injini vikafuata vyote. Haya ya hapa yabaki hapa. Nitamwambia mama mwenyewe nikishajipanga."

"Mimi kaburi, Baba Mdogo," nikamwambia, mdomo umejaa chapati yake.

Mwezi wa kumi na mbili kaburi likafunguka. Nilitoka jikoni kwa Bibi, nikaingia kwenye kibanja katikati ya migomba ili asinisikie, nikabonyeza kurekodi, nikakohoa kile kikohozi. Nayakumbuka yote.

"Wanangu, ni mimi mama yenu. Blanketi basi! Mnataka kunizika nikiwa hai? Wewe wa Mwanza, niletee tenki la maji, naona ndoo zinanicheka. Wewe binti, niletee magoti mapya, haya niliyonayo yamelika. Na wewe kitindamimba wangu, waitu, unawapakia watu wa Kamachumu kutwa nzima pale stendi. Inakuwaje wewe mwenyewe unakosa siti?"

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilifika pale, nikaikumbuka chapati, nikaikumbuka ahadi, na nikaona sentensi ni nzuri kuliko ahadi. Nikatuma.

Shangazi akajibu kwa emoji saba za kucheka machozi. Baba akaandika: "Huyu mtoto apelekwe redioni." Nikavimba kichwa. Nikakaa juu ya mgomba ulioanguka nikisubiri sifa zaidi.

Kisha Baba akaandika: "Subirini. Kwani dogo yuko stendi?"

Shangazi: "Kumbe ndiyo dagaa hizo!" Na emoji nyingine, safari hii sikuzihesabu.

Kisha vikatokea vile vijiandishi vidogo vya katikati, visivyoandikwa na mtu yeyote: Baba Mdogo ametoka kwenye grupu.

Nilifuta ile voisi. Ilibaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Siku zilizofuata Bibi alimpigia Baba Mdogo asubuhi na jioni. Simu inaita mpaka inakata. "Mtandao wa visiwani," ananiambia, huku anarudisha kitochi kwenye mfuko wa aproni. Siku moja aliniona nimenuna karibu na mtungi, akaja akanipapasa kichwa. "Usisikitike. Na mimi nimemkumbuka. Atakuja." Yaani alikuwa ananibembeleza mimi. Nilikwenda chooni nikakaa humo muda mrefu bila haja yoyote.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilimdanganya Bibi kwamba napeleka simu kwa fundi Bukoba. Akanipa kopo la senene alizokaanga mwenyewe, zile nono, ameondoa mbawa zote. "Ukimkuta mtu anayekwenda visiwani, mpe ampelekee mwanangu. Mwambie mama anasema uje kama ulivyo."

Baba Mdogo alikuwa palepale, anaita Kamachumu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Akaendelea kuita. Mwenzake mmoja akamgonga bega: "Oya, dogo anakusalimia."

"Marahaba," akasema, akiliangalia gari.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. "Nimekuja kukuambia ile sauti haikuwa ya Bibi. Ilikuwa mimi. Bibi hajui chochote."

Akanigeukia. Nilidhani atanizaba. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "We mtoto, unadhani simjui mama yangu? Mama tangu anizae hajawahi kusema 'siti'. Anasema entebe, hata iwe ya basi, hata iwe ya ndege. Nilijua ni wewe kabla hujamaliza kukohoa."

"Sasa kama ulijua..."

"Wewe uliigiza. Waliocheka hawakuigiza."

Nilikuwa nimekuja na kosa moja mkononi, la kumdanganya mtu kwa sauti ya mama yake, tayari kuomba radhi. Kumbe hilo halikuwa kosa lenyewe. Nikampa kopo. "Bibi anasema uje kama ulivyo."

"Amesema kwa sauti gani?"

"Yake."

"Hebu iseme." Wenzake walikuwa wamesogea, wanasubiri kichekesho. "Sema, tata. Si unaiweza?"

Nikafungua mdomo. Hata kikohozi hakikutoka.

"Siku ile ilitoka vizuri," akasema. Akafungua mlango wa gari la Kamachumu, akanisukuma ndani kidogo tu, kama anavyosukumwa mtu anayezuia wengine kupanda.

Krismasi ikafika. Baba alikuja na tenki la maji, lita elfu moja, jeusi, limefungwa kamba juu ya pikapu. Shangazi alileta soksi za magoti za hospitali na dawa ya kuchua. Na blanketi. Mzaha wangu ulikuwa umepokelewa kama orodha. Tukatoka kanisani, tukakaa kula, nyasi zimetandazwa, kila mtu kwenye kona yake isipokuwa mmoja, na Bibi akauliza kwa furaha tu:

"Lakini nani aliwaambia nina shida ya tenki?"

"Wewe mwenyewe mama, kwenye voisi," Shangazi akasema, akacheka.

"Voisi ndiyo nini?"

Mimi nilikuwa nimeifuta kwenye grupu, lakini Shangazi alikuwa ameshawatumia mashosti zake wa Dar. Akaitafuta, akaiweka, akaongeza sauti. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye blanketi alicheka. Kwenye magoti alipiga makofi, akasema, "Mae! Ni mimi kabisa!" Ikafika sentensi ya mwisho, ikapita, simu ikanyamaza.

"Stendi gani?" Bibi akauliza.

"Mama, ni utani wa mtoto tu," Shangazi akasema.

"Sikuuliza utani. Nimeuliza stendi gani."

Baba akaangalia sahani yake. Shangazi akaangalia simu. Wote wawili walikuwa wanajua tangu siku ile, na hakuna aliyempigia ndugu yao. Nami nilikuwa nimekaa pale na mdomo huu unaosema kila kitu.

"Ya Bukoba, Bibi," nikasema. Nikasema yote: injini, chapati, kaburi, kibanja, kopo la senene. Nilisema kwa sauti yangu, ambayo nikiisikia hivyo ikiwa peke yake ni nyembamba na inaudhi.

"Na yeye aliyasikia haya?"

"Aliyasikia."

"Yakitoka kwangu?"

"Alijua si wewe, Bibi."

"Lakini alisikia mama anachekesha watu kwa shida yake, na ndugu zake wanacheka."

Niliinamisha mgongo nikisubiri fimbo. Ningeshukuru kuipata. Bibi aliinuka, akachukua jani la mgomba, akafunika chakula cha Baba Mdogo, akakipeleka jikoni. Aliporudi alizungumzia mahubiri.

Kesho yake asubuhi Baba aliwasha pikapu ili ampeleke Bukoba. Bibi akakataa. "Nyinyi mlicheka. Nitakwenda na huyu, yeye angalau anajua mahali." Huo haukuwa msamaha, msinielewe vibaya. Alinibebesha mkungu wa ndizi, yeye akashika kikapu, na mpaka tunafika hakuniambia neno zaidi ya "shika vizuri".

Stendi ilikuwa na watu wengi wanaorudi makazini. Baba Mdogo alikuwa anazunguka katikati yao, anapokea mizigo bila kuangalia nyuso, na ndivyo alivyopokea kikapu cha Bibi. "Mama, wapi? Muleba? Kamachumu?" Mkono umeshakamata mpini, ndipo akaona ni nani.

"Kamachumu," Bibi akasema. "Nasikia wewe ndiye unayeyajua magari."

Baba Mdogo alisimama na kikapu. Mwenzake aliyekuwa ameanza kucheka akaacha.

"Mama, ningekuja."

"Najua."

"Sina kitu mkononi, mama. Ningekuja na nini?"

"Umeshika kikapu changu," Bibi akamwambia. "Njoo nacho."

Alikuja nacho. Alikaa siku tatu, akala kile chakula cha jikoni kilichopashwa moto, akafunga upya bomba la tenki kwa sababu Baba alilifunga likavuja. Shangazi alimfuata nyuma ya nyumba, wakarudi wote macho mekundu, sijui walisema nini na safari hii sikusikiliza. Watu wananiambia yameisha. Bibi mwenyewe ameanza tena kuniomba nimwigizie mchungaji. Nimejaribu mara moja, akacheka. Sauti ya Bibi sijaifanya tena, hata shuleni, hata kwa maandazi mawili.

Shule ilipofunguliwa Januari niliteremka stendi ya Bukoba na sanduku langu na godoro. Baba Mdogo alikuwa kazini. Alikuja, akanishushia godoro kutoka juu ya gari kwa uangalifu, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaliweka kichwani pangu likakaa sawa.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Asante."

"Marahaba," akasema. "Angalia mzigo wako, abiria." Zamani angesema tata. Akageuka kuita Kamachumu.