Harusi ya Kolo Bila Simu ya Ofisini

Ofisini kwetu Dodoma kila taarifa ilipita kwenye grupu la wasapu, lile lile la misiba na pongezi za kuzaliwa. Mkuu akituma rasimu saa nne, kufika saa sita imeshafukiwa na "Amina", "poleni sana" na picha za maua. Anayeitafuta akichoka, anampigia katibu muhtasi wetu: "Mama, nirushie ile ya mwisho." Ile ya mwisho ilikuwa kwenye kompyuta yake tu, na ni yeye tu aliyeijua, maana rasimu zote ziliitwa "mpya", "mpya kabisa" na "mpya ya leo".

Basi mama wa watu hakuwa na likizo. Mwaka jana waliwahi kumtoa msibani Kongwa aje kufungua kompyuta. Aliingia na kanga zake za msiba, akatuma faili, akarudi msibani. Nilikasirika sana. Kwa hiyo alipotuambia anaoza binti yake kijijini kwao Kolo, nikamwahidi, "Mama, safari hii simu haitalia."

Akacheka. "Mwanangu, hawa watu unawajua kweli?"

Nawajua, ndiyo maana niliwasumbua. Nilifungua folda moja mtandaoni: kila taarifa faili moja, wote tunaandikia humo humo. Grupu nikaliachia misiba yake, kwani ukiwanyang'anya watu pa kusemea pole umejitafutia vita. Mwanzoni walinikwepa. Afisa mipango, mtu wa kuvaa flashi shingoni kama hirizi, aliniambia, "Mimi mambo ya hewani siyaamini." Nikawa nakaa naye asubuhi kabla ya chai, mpaka akaanza kufungua mwenyewe. Kila aliyeomba faili kwenye grupu nilimjibu, "Liko kwenye folda." Wakawa wananiigiza kwenye korido. Waigize tu, nikasema, ilimradi jibu wanalikariri.

Mama akaenda zake Kolo. Siku ile ile mkuu akaitaka taarifa ya bajeti, haraka, kamati inaisubiri. Nikauona mkono wake unaifuata simu.

"Mkuu, iko kwenye folda," akasema afisa mipango. "Hii hapa, nimeshaifungua."

Mtu wa flashi! Mkuu akasoma, akarekebisha mistari miwili mitatu, ikaenda. Nilibakiza kidogo tu nipige vigelegele mle ndani. Nilijiona mshindi, na sioni aibu kusema hivyo.

Jumamosi mama akanipigia mwenyewe. Nyuma yake ngoma zilikuwa zimepamba moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko kwema? Mbona hamnipigii?"

"Kwema, mama. Taarifa ilishaenda."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

Nikaogopa nimemuumiza. Kisha nikamsikia anavuta pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi ngoja nikacheze na mwanangu." Akakata simu.